Muuguzi wa miaka 34, sijawahi kuchanjwa HPV. Nichanjwe sasa au nimeshachelewa?

Mkunga wa Kanda ya Ziwa

Habari za kazi wapendwa. Nawaandikia wauguzi, wakunga, matabibu na yeyote anayeijua vizuri chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Naomba majibu ya kweli, maana nimeuliza pale kazini nikaishia kuchekwa.

Mimi ni muuguzi mkunga kwenye hospitali ya mkoa huku Kanda ya Ziwa. Kuna siku natoka na wenzangu kwenda shuleni kuchanja mabinti, na kuna siku niko kwenye chumba cha uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Humo napaka siki, nasubiri dakika moja, naangalia kama pamegeuka weupe. Mwenye doa dogo tunalitibu siku hiyohiyo kwa joto. Mwenye doa kubwa namwandalia daktari wa LEEP, yaani kukatwa kwa waya wa umeme.

Juzi tulikuwa shule moja ya msingi, mabinti wamepanga foleni kwenye veranda, mkono wa kushoto umeshakunjwa hadi begani. Mmoja alipofika kwangu akaniangalia usoni akauliza: "Nesi, wewe ulipochanjwa iliuma?" Nikamwambia ukweli, kwamba wakati nikiwa kama yeye chanjo hii haikuwepo. Akasema, "Kwa hiyo wewe huna?" Wenzake wote nyuma wakanyamaza kusikiliza. Nikamjibu kwamba mimi napima mara kwa mara, nikamchoma, akaenda kukaa kwenye benchi. Lakini swali lile nimerudi nalo nyumbani na halitoki.

Nilizaliwa 1991. Mabinti wa Kilimanjaro walianza kuchanjwa kwa majaribio 2014, mimi nikiwa chuoni. Mpango wa taifa ulipoanza Aprili 2018 walengwa walikuwa wa miaka 14, mimi nina 27 na nimeshaajiriwa. Mwaka 2024 ikaja kampeni ya dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Kila mara mstari unachorwa chini ya umri wangu. Silalamikii hilo, chanjo ilikuwa haba duniani na watoto ndio wa kwanza. Ila wauguzi wengi wa rika langu tunaibeba chanjo hii kwenye vikasha vya barafu kutwa nzima na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuipata.

Jambo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Kwa asiyeijua LEEP: ni waya mwembamba uliopindwa, unapitishwa umeme, daktari anakata kwa huo kipande cha mlango wa kizazi chenye chembe zilizoharibika. Mimi ndiye ninayesimama pembeni ya goti la mgonjwa, nashika taa na kukabidhi vifaa. Waya ukigusa nyama unatoka moshi mweupe, unapanda kupitia ndani ya spekulamu, kile kifaa cha kupanulia uke, na kutujia usoni, mimi na daktari. Harufu yake ni ya nyama inayoungua na inaganda kwenye nywele. Mashine ya kufyonza moshi tunayo, lakini kichujio kiliisha muda wake na kingine hakijaletwa. Barakoa zetu ni zile nyepesi za kawaida. Nikifika nyumbani mwanangu mdogo anakuja mbio kunikumbatia, namwambia asubiri kwanza nioge.

Sasa, moshi huo unatoka kwenye nyama yenye kirusi chenyewe. Kirusi hakimo ndani ya moshi?

Nimeolewa, nina watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Kipimo changu cha siki cha mwisho kilikuwa safi. Nilipomtajia mume wangu kwamba nafikiria kuchanjwa, alinyamaza kwanza, halafu akauliza: "Hiyo si ya magonjwa ya zinaa? Wewe unaihitaji ya nini?" Ni mtu mwema na hakusema kwa ubaya, lakini nilikosa la kumjibu kwa haraka. Na mwenzangu mmoja kazini akaniambia nichukue tu kichupa kimoja kwenye kikasha cha shule, nani atajua. Hilo siwezi. Kichupa kimoja ni dozi moja, na kila dozi ina binti wake.

Naombeni mnisaidie: kwa mtu aliyekwisha kuolewa na kuzaa, chanjo hii bado ina kazi? Ni dozi ngapi kwa umri wangu? Nikiwa nanyonyesha naruhusiwa? Na huu moshi ni hatari kweli au najitia hofu bure?

---

Nesi wa Chumba cha Upasuaji

Pole dada, na asante kwa kulileta. Mimi niko Nyanda za Juu Kusini, chumba cha upasuaji, na hata sisi kila anayesimama kwenye LEEP anatoka anakohoa. Tumezoea kuambiwa ni "moshi tu". Chanjo ya homa ya ini B tulifuatiliwa mmoja mmoja kwa majina, mpaka dozi ya tatu ikaisha. HPV hakuna aliyewahi hata kuitaja kwetu. Nakaa hapa nasubiri wataalamu.

---

Daktari wa Akina Mama

Muuguzi, maswali yako ni mazuri na yanastahili majibu yaliyonyooka. Nafanya kazi ya magonjwa ya wanawake Dar es Salaam, na LEEP nafanya kila wiki, kwa hiyo la moshi linanihusu kama linavyokuhusu.

Kwanza hilo la kuolewa na kuzaa. Chanjo hii ni ya kukinga, haitibu. Ndani yake hamna kirusi wala vinasaba vyake, kuna protini tupu ya ganda la nje, ambayo mwili unaiona, unaitambua na kutengeneza kinga. Kirusi hiki kina aina nyingi, zinatajwa kwa namba. Kama umeshaambukizwa aina ya 16, chanjo haitakuondolea aina ya 16. Lakini ni nadra mwanamke kuwa ameshakutana na aina zote zilizomo kwenye chanjo. Zile ambazo hujakutana nazo, utakingwa nazo.

Tunavyo vielelezo vya umri wako. Kuna utafiti uliofanywa kwa wanawake wapatao 3,800 wa miaka 24 hadi 45, wakachanjwa chanjo ya aina nne, yaani inayokinga aina nne za kirusi. Kwa wale ambao mwanzoni hawakuwa na aina hizo, kinga ilikaribia asilimia 89. Ukiwachanganya wote, pamoja na waliokuwa wameshaambukizwa, ilishuka hadi asilimia 47 hivi. Namba hizo mbili zibebe pamoja, usichukue moja ukaacha nyingine. Sweden nao walifuatilia wanawake wao na kukuta kwamba waliochanjwa kabla ya miaka 17 saratani ya mlango wa kizazi ilipungua kwa asilimia 88, na waliochanjwa kati ya 17 na 30 ilipungua kwa asilimia 53. Kila mwaka unaopita faida inapungua, lakini haifiki sifuri. Kwa miaka 34 faida yako ni ndogo kuliko ya yule binti aliyekuuliza, na bado ni faida.

Dozi: hapa nakuomba uwe makini, kwa sababu watu wanasikia "dozi moja" na kudhani ni ya kila mtu. Shirika la Afya Duniani, kwenye msimamo wake wa Desemba 2022, linaruhusu dozi moja au mbili kwa wa miaka 9 hadi 20. Kuanzia 21 ni dozi mbili, zipishane miezi 6. Anayeishi na VVU hata akiwa mdogo anahitaji angalau mbili, na ikiwezekana tatu. Watengenezaji wenyewe kwa watu wazima wameandika tatu: leo, baada ya mwezi 1 au 2 kulingana na chanjo, na miezi 6 tangu ya kwanza. Marekani waliruhusu chanjo ya aina tisa hadi miaka 45 mnamo Oktoba 2018, na kwa wenye miaka 27 kuendelea wanasema mtu akae na daktari wake waamue pamoja. Kwako ningekwenda na tatu kama mfuko unaruhusu, na mbili kama hauruhusu. Moja, hapana.

Kunyonyesha hakuzuii. Ukiwa na mimba unasubiri hadi ujifungue.

Sasa moshi. Hujitii hofu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wameonyesha kwamba vinasaba vya HPV vinapatikana kwenye moshi unaotoka masundosundo yanapochomwa. Mwaka 1991 madaktari wa Norway waliandika habari za daktari mpasuaji mwenzao, miaka 44, aliyeota vinyama kwenye koo la sauti baada ya kutibu wagonjwa wenye masundosundo kwa leza, na ndani ya vinyama hivyo wakakuta aina ya 6 na ya 11. Ujerumani kulikuwa na muuguzi wa chumba cha upasuaji aliyepata maradhi hayohayo ya koo, na yakatambuliwa rasmi kuwa ni ugonjwa wa kazini. Muuguzi, siyo daktari. Matukio ya namna hii ni machache sana, na njia kubwa ya maambukizi inabaki kuwa kujamiiana. Lakini uchache wake usitufanye tukae kwenye moshi.

Mwezi Februari 2020 chama cha Marekani cha wataalamu wa magonjwa ya mlango wa kizazi, kiitwacho ASCCP, kilitoa tamko kwamba wahudumu wanaokutana na kirusi hiki kazini mara kwa mara wachanjwe, na kikawataja wauguzi na wafanyakazi wote wa chumba, siyo madaktari peke yao. Kama moshi ndio sababu yako kubwa, tafuta chanjo ya aina nne au ya aina tisa, kwa sababu hizo zina 6 na 11 ambazo ndizo zinazoota kooni. Chanjo ya aina mbili, yenye 16 na 18 tu, kwa saratani ni nzuri, kwa koo lako haitoshi.

Na chanjo haichukui nafasi ya kichujio. Mdomo wa mpira wa kufyonzea ukae karibu kabisa na waya, na uvae N95, barakoa nzito inayochuja chembe ndogo. Barakoa nyepesi inazuia matone, chembechembe za moshi zinapita.

---

Mkunga wa Kanda ya Ziwa

Daktari, Mungu akubariki. Nimesoma nikarudia. Sikuwahi kujua habari za yule muuguzi wa Ujerumani, na nimekaa nikijiuliza ni wangapi wetu hapa wana sauti za kukwaruza na tunasema ni mafua.

Niulize na hili: nikishamaliza dozi, naendelea kupima?

---

Daktari wa Akina Mama

Unaendelea, bila kuruka. Aina ya 16 na 18 zinabeba takriban asilimia 70 ya saratani hii, zilizobaki zinatoka kwenye aina nyingine. Ukipata kipimo cha vinasaba vya HPV ni bora kuliko siki. Unaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti, na majibu yakiwa safi unapumzika miaka 5 hadi 10.

---

Mkunga Mstaafu

Wanangu, nimewasoma. Mimi nimestaafu, niko Tanga. Nitasema neno ambalo huenda lisipendwe.

Sisi tulifanya kazi hii bila glovu za kutosha, seuze chanjo. Ninachokijua ni wodi. Nimewauguza wanawake wa saratani ya mlango wa kizazi mpaka pumzi ya mwisho. Wanakuja wameshachelewa, damu haikatiki, na harufu ni nzito kiasi kwamba jirani wa kitanda anaomba kuhamishwa na mgonjwa anasikia. Nilikuwa na mmoja, mwalimu, kila nikimkaribia kumsafisha alikuwa akifunika uso wake kwa khanga, siyo kwa maumivu, kwa aibu. Mumewe alikuwa analeta uji mpaka mlangoni, anamkabidhi nesi, anaondoka. Kipimo cha dakika chache miaka ya nyuma kingemwokoa.

Kwa hiyo nasema, mwanangu, ukiwa na fedha ya chanjo ya mtu mzima, ambayo najua si ndogo, itazame vizuri. Pima kwanza. Na wanawake wa mtaani kwako ambao hawajapimwa hata mara moja, wavute waje. Nchi hii kwa makadirio ya 2020 ilipata wagonjwa wapya zaidi ya elfu kumi kwa mwaka na kupoteza zaidi ya elfu sita. Hao hawakufa kwa moshi.

---

Mkunga wa Kanda ya Ziwa

Shikamoo mama. Nimekuelewa, na picha ya yule mwalimu na khanga yake nimeiona, kwa sababu hata mimi ninao wa namna hiyo. Upimaji ndio kazi yangu na siuachi. Jumatatu tu nilikuwa na foleni tangu asubuhi, akina mama wa sokoni, mmoja amekuja na dagaa wake kwenye ndoo kwa sababu hana wa kumwachia.

Lakini mama, niruhusu nikupinge kidogo kwa heshima. Nyinyi mlifanya kazi bila glovu kwa sababu hazikuwepo, na wako wenzenu walioumia kwa hilo. Leo tukisema muuguzi avumilie kwa kuwa waliotangulia walivumilia, tutaendelea kuvumilia mpaka lini? Na siwezi kujiweka upande mmoja na wagonjwa wangu upande mwingine. Mimi pia ni mwanamke wa miaka 34 katika nchi ambayo saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Nikivua sare, nina mlango wa kizazi kama wa yule muuza dagaa.

Tena kuna jambo kuhusu sisi wenyewe ambalo nimeliona kwa macho. Wauguzi wenzangu wanachanja mabinti wa watu, halafu wa kwao wanasema "tusubiri kwanza". Ukiuliza wanasubiri nini hawana jibu. Wazazi wanatuangalia. Mama akija kliniki haniulizi habari za utafiti, ananiuliza "wako umemchanja?"

---

Mkunga Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umesema kweli kuhusu glovu. Sikupingi tena hapo. Pima, kisha chanja.

---

Nesi wa Kisumu

Hamjambo nyote. Mimi ni nesi hapa Kisumu, na hilo la "tusubiri kwanza" liko kwetu vilevile. Chanjo ilipoanza kupeanwa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, uvumi ulikuwa umetutangulia. Wamama walikuwa bado wanakumbuka zile kelele za 2014 kuhusu chanjo ya pepopunda kwamba inamaliza uzazi, kwa hivyo HPV ilipokuja walisema ni ileile imebadilishwa jina. Na waliosema hivyo hawakuwa wamama wa kijijini peke yao. Ndani ya chumba chetu cha chai nimewasikia manesi wakisema.

Mimi kilichonibadilisha ni utafiti wa KEN SHE, kwa sababu sehemu yake ilifanywa hapa kwetu, na sehemu nyingine Thika na Nairobi. Wasichana 2,275, wa miaka 15 hadi 20, tena ambao walikuwa wameshaanza kufanya mapenzi. Baadhi walipewa dozi moja ya HPV, wengine chanjo ya uti wa mgongo ya kulinganishia. Baada ya miezi 18, kinga dhidi ya maambukizi sugu ya 16 na 18 ilikuwa asilimia 97.5. Hawa si watu wa kusomwa kwa karatasi kutoka mbali, ni wasichana wa mitaa tunayopita. Na kwenu Mwanza kulifanywa utafiti wa DoRIS, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, kulinganisha dozi moja, mbili na tatu. Hii dozi moja ambayo nchi nyingi zinatumia leo, Waafrika Mashariki wameitolea damu yao wenyewe ipimwe. Nikimwambia mama hivyo, anakaa chini ananisikiliza.

Lakini namuunga mkono daktari: KEN SHE ilikuwa ya hadi miaka 20. Dada, usidanganywe kuchukua moja kwa umri wako.

Halafu kuhusu bwana. Wangu pia aliuliza swali lilelile. Nilimweleza kwamba kirusi hiki karibu kila mtu aliyewahi kuwa na mpenzi hukipata wakati mmoja maishani, kikakaa kimya, na mara nyingi mwili unakiondoa wenyewe. Anaweza kuwa alikipata kabla hatujajuana, au mimi. Hakuna wa kulaumiwa. Nikamwambia pia wanaume kinawapata, kooni na kwingineko. Hapo ndipo alipoacha kuniuliza mimi akaanza kuuliza habari zake.

---

Mfamasia wa Mtaani

Niongeze la upande wangu, kwa sababu ukikubali kununua kuna mambo ya kuangalia.

Chanjo hii inakaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Ikiganda imeharibika, hata kama kwa macho iko sawa. Usinunue sehemu ambayo hawawezi kukuonyesha jokofu lake na daftari la joto la kila siku. Umeme wa kwetu unaujua, uliza ukikatika wanafanyaje. Soma jina kwenye kichupa mwenyewe ujue ni aina mbili, nne au tisa, soma tarehe ya mwisho, na namba ya toleo iandikwe kwenye kadi yako. Kabla hujalipia ya kwanza, waulize kama ya pili itapatikana miezi 6 ijayo, maana nimeona watu wanaanza na kukwama. Kuchelewa siyo mwisho wa dunia, unaendelea ulipoishia bila kuanza upya, lakini ni bora kujua mapema.

Ukishachomwa kaa dakika 15 kabla ya kusimama. Wako wanaozimia, hata manesi. Na mwenye mzio mkali wa hamira aseme kabla, kwa sababu chanjo ya aina nne na ya aina tisa hutengenezwa kwa kutumia hamira.

---

Nesi wa Chumba cha Upasuaji

Swali kwa daktari. Mimi nina miaka 46. Niache?

---

Daktari wa Akina Mama

Umevuka umri ambao chanjo ilifanyiwa sehemu kubwa ya majaribio, kwa hiyo siwezi kukuahidi kitu. Fedha yako iweke kwenye kipimo cha vinasaba. Kwenye moshi, dai N95 na kichujio, hivyo havina umri.

---

Mkunga wa Kanda ya Ziwa

Nimerudi, na nashukuru kila mmoja. Niwaambie nilikofika.

Nimechukua sampuli ya vinasaba, nasubiri majibu. Hata yakija na aina fulani nitachanjwa, kwa sababu nimeelewa kwamba kuwa nayo moja hakunifungii mlango wa kukingwa na nyingine. Nimepata sehemu yenye chanjo ya aina nne, wakanifungulia jokofu na daftari la joto bila kinyongo, nikaona limejazwa asubuhi na jioni. Nitakwenda na dozi mbili, ya tatu bei imenishinda. Bima yangu imekataa kwa maelezo kwamba ni ya watoto, na hakuna mkubwa wa hospitali aliyesema ataichangia. Nalipa mwenyewe kwenye mshahara wa muuguzi, na naona si haki. Homa ya ini B tulichanjwa bure kwa sababu damu ya mgonjwa inaweza kuturukia. Hiki nacho kinatoka kwa mgonjwa, kinatufikia tukiwa kazini. Tofauti yake ni nini?

Kwa hiyo nimeandika barua. Imekwenda kwa kamati ya kuzuia maambukizi ya hospitali yetu, imesainiwa na wote tunaosimama kwenye LEEP, pamoja na daktari na dada anayefanya usafi, maana naye anaingia moshi haujatoka. Tumeomba vitu vitatu: kichujio kipya, N95 kwa kila LEEP, na wahudumu wa chumba kile waingizwe kwenye mpango wa chanjo kama ilivyo kwa homa ya ini. Kichujio wameahidi. N95 tumepewa boksi moja la kuanzia. La chanjo wamesema wanalipeleka juu.

Mume wangu nilimsomea jibu la dada wa Kisumu neno kwa neno. Aliuliza kama yeye anaweza kupimwa. Nikamwambia kwa wanaume hakuna kipimo cha kawaida cha HPV kama chetu cha mlango wa kizazi, ila masundosundo au kidonda kisichopona asikifiche. Ijumaa anakaa na watoto, mimi nakwenda kuchomwa ya kwanza.

Mwenye nakala ya tamko lile la 2020 naomba anitumie niiambatanishe na barua, mkuu wa kitengo ameuliza kama kuna mahali popote duniani limeandikwa.